Rafu ya Nyuso Chumbani kwa Mjomba

Alhamisi iliyopita nilikuwa Digbeth bila shughuli ya maana, mvua ikanishika, nikaingia kwenye lile ghala karibu na kituo cha mabasi ya safari ndefu ambalo siku hizi wamelifanya soko la vitu vya kale. Unanijua, mimi si mtu wa vitu vya kale. Nilitaka paa tu. Lakini ndani ya kabati la kioo, taa ndogo ikikimulika kutoka juu, nikakutana na kikombe cha udongo cha rangi ya kijani chenye sura ya mtu aliyekasirika: meno nje, paji limekunjamana, macho yametumbuka. Nilijikuta nimekunja ngumi. Kijana mwenye duka, mwenye michoro mikono yote miwili, akaniambia kwa adabu kwamba hicho hakiuzwi, ni cha kuonyesha tu, maana vimebaki vichache mno duniani. Nikamwambia najua kwa nini vimebaki vichache. Akacheka, akidhani namtania.

Nilikulia Hodge Hill, mtaa mwingine wa mji huohuo hapa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika nyumba iliyoshikana ukuta na nyumba ya jirani. Mama alifanya kazi hospitali zamu ya usiku, akilala mchana na pamba masikioni. Baba alifanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa. Nyanya, mzaa mama, alikuwa ameletwa kutoka Nairobi, mtaa wa Islii, na chumba chake kilikuwa juu karibu na choo. Chumba cha mwisho, kilichotazama barabara, kilikuwa cha mjomba, mdogo wake mama. Kisomali kilikuwa lugha ya dua na ya simu za ng'ambo. Kiswahili cha Islii kilikuwa cha jikoni na cha ugomvi, kwa hiyo ndicho nilichokisikia zaidi.

Mjomba alikuwa baunsa. Alisimama kwenye milango ya kumbi za Digbeth, akiwatoa nje walevi waliokataa kutoka. Alirudi alfajiri na mikate ya anjera ya nyanya ikimngoja chini ya kitambaa, mara jicho limevimba, mara mdomo umepasuka, mara vidole vimefungwa bendeji. Na mara nyingi alirudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Wenye baa walimjua. Baa ikifungwa au ikibadilisha mapambo, walimpigia simu aje achukue kabla ya lori la taka, na yeye alikwenda hata kama alikuwa na homa. Hivyo ndivyo rafu ya chumbani kwake ilivyojaa vikombe vya udongo, uso baada ya uso, na kila uso uliingia nyumbani pamoja na jeraha lake. Kile cha kijani kilikuja na mshono juu ya nyusi. Cha kahawia chenye ulimi mrefu kilikuja na ubavu uliovunjika.

Aliviita tiki. Alinieleza kwamba zamani Wamarekani, na baadaye Waingereza, walijenga baa za kuigiza visiwa vya bahari ya mbali ambavyo wenyewe hawajavikanyaga, wakatengeneza vikombe vyenye sura za miungu ya huko, wakanywea vileo vyenye matunda na miavuli ya karatasi. Baa zilikufa, vikombe vikatupwa. Ukutani alibandika picha zilizotoka kwenye jamii hiyohiyo ya sanaa: magari yenye injini zilizochomoza nje, yakiendeshwa na mazimwi yenye ndimi zinazochuruzika, macho mekundu yametoka matunduni. Wakubwa wa makumbusho waliidharau sanaa hiyo, wakaiita ya hadhi ya chini, na wachoraji wake wakalipenda jina hilo wakajivika. Mjomba naye alilipenda. Alikuwa mtu aliyezoea kusimama mlangoni.

Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kufuta vumbi. Alinikabidhi kitambaa laini, akakaa kitandani akinitazama asipepese macho.

"Wee, geuza kwanza," aliniambia kila mara. "Look chini, kuna stempu. Juu kila kitu kinakaa poa."

Nikigeuza, naona muhuri wa kiwanda chini ya udongo. Akisema hiki ni original, ananiambia nikirudishe polepole. Akisema kile ni cha juzi tu, nacho pia ananiambia nikirudishe polepole. Alisema waliovitengeneza wamekufa, waliovinywea wamekufa, yeye pia atakufa, na vyenyewe vitabaki vimekaa hapo vikimkenulia meno yeyote atakayekuja. Nilimwamini kabisa.

Mjomba huyohuyo ndiye aliyenifundisha kukunja ngumi, kidole gumba nje, la sivyo kinavunjika. Somo hilo lilinifaa. Msichana mmoja shuleni alinivuta hijabu, nikampiga ngumi ya pua, damu ikatiririka mpaka kwenye tai yake. Mwalimu aliita mzazi. Akaenda mjomba, akasikiliza kwa unyenyekevu mkubwa, akaahidi kwamba nitaadhibiwa vikali, na tukiwa njiani kurudi akanipa heshima ya kubeba kikombe kipya mpaka nyumbani. Baba angejua, angenichinja.

Baba alikuwa mtu wa kuvunja. Sisemi kwa kumsingizia. Mikono yake ilizoea mashine, na kiwanda kilipofungwa haikupata pa kukaa. Alivunja redio, akavunja mlango wa kabati, akavunja sahani za harusi ya mama huku mama amelala juu. Mimi alinipiga kwa ndara, kwa kofi, na siku moja kwa kiatu cha kazi ambacho hakikuwa tena na kazi. Baadaye alianza kukaa msikitini muda mrefu, na tukafikiri atapoa. Alirudi na hasira ileile, ila sasa ilikuwa na sababu.

"Masanamu haya yatoke," alimwambia mjomba jikoni. "Malaika hawaingii nyumba hii juu ya takataka zako."

"Si takataka, ni collection," mjomba akajibu, akipaka siagi mkate. "Na malaika hawaingii juu ya kelele zako."

Baba aliirusha birika ukutani. Chai ilichora doa ambalo halikutoka hata tulipopaka rangi upya.

Sasa lazima nikueleze habari ya ngazi. Nyumba ilikuwa na ngazi moja, jambo ambalo kwa watu wengine si neno. Kwa mila ya wazee wetu, Wasomali wa Isiolo, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hamtazami usoni, hapazi sauti akijua anamsikia. Wengi wameiacha mila hiyo, lakini baba, pamoja na ukorofi wake wote, aliishika barabara. Alikohoa kabla ya kupanda. Nyanya akisikia kikohozi alijifunika mtandio na kugeukia ukuta, naye akapita ameinamisha kichwa. Waliishi hivyo miaka chini ya paa moja bila kuonana nyuso. Kwa nyanya pekee ndiko mkono wa baba ulikokomea.

Na nyanya hakuvipenda vile vikombe. Aliviita majini yenye meno. Isipokuwa kimoja, na hicho ndicho kilichompa mjomba maumivu makubwa kuliko ngumi zote za Digbeth. Kilikuwa taa ya mezani, kichwa kikubwa cha udongo chenye matundu halisi machoni na mdomoni, ili mshumaa ukiwashwa ndani, uso uwake. Mjomba alikiona ni bora kuliko vyote. Alikileta mchana mmoja, akakiweka mezani ili afungue gazeti vizuri, na nyanya, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika Uingereza na kuacha chetezo chake Nairobi, akakitazama, akaona kina tumbo la kuweka makaa na matundu ya kutolea moshi, akanyanyua mikono.

"Alhamdulillahi, umenikumbuka mwanangu," akasema. "Chetezo kizuri. Sura mbaya, lakini chetezo kizuri."

Mjomba alilikunja gazeti. Angemwambiaje mama yake kwamba si chake? Jioni hiyohiyo nyanya alitia makaa, akanyunyiza ubani na udi, na ule uso ukaanza kutoa moshi kwa macho na kwa kinywa. King'ora cha moshi kikalia, mama akaamka anakimbia. Mjomba alisimama mlangoni akiuma kidole huku udongo wake ghali ukiingia masizi. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi ikikaribia magharibi, nyanya alifukiza nyumba nzima, na mimi nikawa mtu wa kumwaga majivu. Baba alikuwa akituma shati lake la Ijumaa juu kwa mkono wangu, lifukizwe. Alipenda sana harufu ile. Wiki kwa wiki kile kichwa kilizidi kuwa cheusi, mpaka ungeapa kilizaliwa chetezo.

Kisha ikaja siku baba alipotoka banda la bustani na nyundo. Alisema chini ya ngazi, kwa sauti ya chini kwa kuwa mkwe wake alikuwa juu, kwamba siku hiyo anasafisha chumba. Mjomba alikuwa kazini. Mimi nilikimbia juu nikamwambia nyanya. Alichukua mswala, tasbihi, chupa ya chai na mto, akaenda akakaa sakafuni chumbani kwa mjomba, mgongo kwenye rafu, mazimwi yote ukutani yakimtazama. Baba alikohoa. Alipanda. Alifika kizingitini, akaona ncha ya mtandio, akageuza uso kwa kasi kana kwamba amechomwa.

"Mama, naomba utoke," akasema akitazama zulia.

"Nimekaa, mwanangu."

"Ni haramu haya, mama."

"Najua. Ni mabaya pia. Lakini nimekaa."

Akaupiga mwimo wa mlango kwa nyundo, vibanzi vikaruka, akashuka. Nyanya hakushtuka. Aliendelea kukaa. Alisali hapo, alilala hapo, alikula hapo, nami nilimpandishia sahani. Mjomba aliporudi alimbembeleza arudi kitandani kwake, mifupa itamuuma. Nyanya akamjibu kwamba hakai kwa ajili ya udongo wake. Anakaa kwa sababu anamjua mwanawe, na anamjua mkwewe, na siku udongo ule utakapovunjwa wataumizana watu. Kwa kukosa la kufanya alianza kuvipa vikombe majina ya watu aliowachukia Islii. Mmoja alikuwa karani wa vitambulisho. Mwingine dalali aliyemfukuza nyumbani. Siku moja nilimkuta anakifuta vumbi kile cha kijani kwa ncha ya mtandio wake, na alipoona nimemwona akakirudisha haraka, polepole lakini haraka, na tukacheka sote wawili.

Kilichomtoa chumbani kilikuwa kifo. Mwanamke mwenzake alifariki Ladywood, kwenye moja ya yale majengo marefu, na nyanya alikuwa mwoshaji. Kazi hiyo haikataliwi. Mjomba akaleta gari. Nyanya alikifunga chetezo kwenye kanga, kwa kuwa maiti haioshwi bila kufukizwa, akaniambia nifunge mlango wa chumba. Niliufunga. Ufunguo haukuwahi kuwepo.

Baba aliusikiliza mlio wa gari mpaka ulipoishia kwenye kona, halafu akapanda bila kukohoa.

Watu hufikiri udongo unavunjika kwa mlio mmoja. Si kweli. Kikombe kidogo hutoa mlio wa jino. Kikubwa hupasuka kwanza kwa sauti nzito, kisha vipande vyake vinalia kimoja kimoja vikianguka. Alianza na kile cha kijani, na kilikataa. Alikipiga, kikaruka, akakifuata sakafuni, akakipiga tena mpaka meno yakatapakaa chini ya kitanda. Alifagia rafu kwa mkono wake mwenyewe, damu ikamtoka, hakujali. Alizichana picha kutoka juu hadi chini. Nilimrukia mgongoni. Nilimuuma begani kwa nguvu zangu zote, nikasikia ladha ya shati na chumvi, nikang'ang'ania. Alinitupa. Kona ya rafu ilinipasua hapa, juu ya nyusi, mahali palepale mjomba alipokuwa na mshono wake. Mama alisimama mlangoni, pamba bado masikioni, akipiga kelele ambazo mimi sikuzisikia.

Mjomba alirudi kwanza, maana alimwacha nyanya msibani. Alinikuta kwenye ngazi, damu mpaka kidevuni. Hakutazama juu kwenye vikombe vyake hata kidogo, nataka ulijue hilo. Alinitazama mimi, akaniuliza ni nani, nikamwambia, akaenda jikoni. Walitoka pamoja kupitia mlango wa nyuma wa kioo, bila kuufungua. Walipigana bustanini, wakapigana pembeni mwa nyumba, wakapigana barabarani. Mjomba alijua kupiga kwa sababu ya kazi. Baba alijua kwa sababu ya hasira, na kwa muda mrefu hukuweza kusema ni nani anashinda. Nilisikia pua ikivunjika. Nilimwona mjomba amemkalia baba kifuani, anapiga, anapiga, na baba ameacha kujikinga. Nilikuwa na furaha. Sitakudanganya, nilikuwa nikimwombea asiache.

Aliyewaachanisha alikuwa jirani, singasinga mzee mzaliwa wa Kisumu, ambaye alitoka na mpira wake wa kumwagilia maua na kuwamwagia maji ya baridi usoni.

"Wacheni hiyo maneno!" alipiga kelele. "Watu wazima kabisa! Mtoto anaona damu, nyinyi mnaendelea tu!"

Mjomba alisimama, maji yakimchuruzika. Alikwenda juu, akashuka na mfuko mmoja wa nguo, akanifuta uso kwa kile kitambaa laini cha vumbi, akaondoka. Hakuokota hata kigae kimoja. Anaishi Cardiff sasa. Siku tulipomzika nyanya alikuja, akasimama kwenye safu ya sala bega kwa bega na baba kwa kuwa ndipo nafasi ilipokuwa, na waliposalimia kulia na kushoto hakuna aliyegeuza shingo kumfikia mwenzake.

Jioni ya siku ile ya nyundo nyanya alirudi na chetezo ndani ya kanga kwapani. Alipanda, akaona. Alishuka. Baba alikuwa jikoni, mkono umefungwa taulo, uso umevimba. Alikohoa kumtahadharisha. Nyanya hakugeukia ukuta. Aliingia jikoni, akaushusha mtandio mabegani, akasimama mbele yake, akamtazama usoni. Baba alijifunika macho kwa ule mkono wenye damu. Mjomba alikuwa amemvunja pua na hakulia, lakini hapo alilia, na nyanya akaendelea kumtazama mpaka aliporidhika. Kisha akatia makaa kwenye chetezo, akafukiza nyumba kama kawaida, na baba alipokuwa bado amejifunika, akaupitisha moshi juu ya kichwa chake pia.

Nyanya hayupo. Ile nyumba wanakaa watu wengine, wameweka mlango mpya wa nyuma. Singasinga amekufa, na mpira wake wa maji sijui uko wapi. Mama anakaa kwa dada yangu mdogo. Baba yuko kwangu, Ladywood, ghorofa ya juu, kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka, na mikono yake sasa inatetemeka hata kikombe cha chai hakishiki. Chetezo niliachiwa mimi. Na nitakuambia raha yangu mbaya: kila Alhamisi, kwa miaka yote hii, nimekuwa nikimfukizia shati lake juu ya sanamu aliyoichukia, nikimtazama akifumba macho kwa utamu, nikijisemea moyoni, hujui, mzee, hujui unachokinusa.

Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka Digbeth nimelowa na nina hasira. Maneno ya yule kijana yalikuwa yakinizunguka kichwani, jinsi kitu kinavyopanda thamani wenzake wakipungua. Kwa hesabu hiyo baba alimfanyia mjomba hisani. Niliwasha makaa. Baba alikaa kwenye kiti chake, shati mapajani.

"Leo nimekiona kile cha kijani," nikamwambia. "Kile cha meno. Wamekifungia kwenye kioo."

"Kilikuwa kigumu kile," akasema. "Kilinishinda mara ya kwanza."

Nikamwonyesha chetezo. "Na hiki je? Unakijua hiki?"

"Unadhani mimi kipofu?" akasema. "Hiki ndicho nilichokitafuta siku ile kwanza kabisa. Nilijua ndicho alichokipenda zaidi. Sikukikuta. Halafu mkwe wangu akaingia jikoni, nacho kwapani."

Yaani alijua. Kila Alhamisi alijua. Nilikinyanyua kile kichwa cha moto kwa mikono mitupu, nikakiinua juu, na naapa nilikuwa nakivunja pale miguuni pake, ausikie tena mlio ule, na safari hii autoe mtu mwingine. Viganja vilikuwa vinaungua. Baba hakusogea. Alijifunika macho kwa mkono wake, vilevile, kama jikoni.

Mjomba angeniambia nigeuze kwanza, nitazame chini. Nilitazama, kwa kuwa kilikuwa juu ya kichwa changu na sikuwa na pengine pa kutazama. Stempu haionekani tena. Ni masizi ya nyanya tu, tabaka juu ya tabaka, hakuna mwenye duka atakayekiweka kwenye kioo.

Nikakirudisha mezani, polepole. Malengelenge yalikuwa yameshaanza kunitoka. Nikaongeza ubani, nikachukua lile shati mapajani mwake nikalitandaza juu ya moshi, na alipofungua macho nikamwambia anipe namba ya simu ya mjomba kule Cardiff, ile ambayo mama aliniambia yeye mzee anaificha ndani ya kofia yake.